Mwalimu Aliyetufuata Ulingoni

Mjukuu wangu anasomea ualimu. Juzi alikuja kunitembelea hapa Garsen, na jioni, mimi nikichambua mchele, akawa ananisomea masomo yake kwa sauti. Wanafalsafa wa siku hizi, akasoma, wanasema mtoto si mtungi wa kujazwa maji. Maarifa huyatafuta mwenyewe, kwa mikono yake na kwa maswali yake, na mwalimu kazi yake ni kumfungulia njia. "Haya ni mambo mapya, Bibi," akaniambia. Nikamwacha amalize. Mambo hayo mapya mimi nilifundishwa nayo kule Ndera, miaka ya hamsini, hata mama yake hajazaliwa.

Shule yetu ilikuwa banda la udongo na makuti, hatua chache kutoka mtoni. Mwalimu wa kwanza alisema, sisi tukaitikia kwa pamoja, na aliyekosea alichapwa. Wazee walimpenda sana. Sauti zetu zilifika mpaka mashambani, basi kila mtu alijua watoto wanasoma. Alipozeeka akaletwa kijana kutoka chuo cha ualimu cha pwani, mwembamba, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Huyu fimbo hakuwa nayo. Alituuliza: kwa nini ukingo wa ng'ambo unamomonyoka na wa kwetu unajaa mchanga? Mnaonaje? Tulitazama chini, maana kwetu mtoto hamhoji mkubwa, na tulidhani anatutega. "Kuuliza si ujinga," alisema kila asubuhi, na kidogo kidogo tukamzoea.

Mpunga ulipokaribia kuiva, darasa lilibaki tupu. Ndiyo desturi ya mto: maji ya mafuriko yakipwa watu wanapanda, punje zikianza kutia maziwa ndege wanashuka, na kuamia ndege ni kazi ya watoto. Toka alfajiri unakaa ulingoni, kile kichanja kirefu katikati ya shamba, una kombeo na madonge ya udongo, unavuta kamba zenye makopo na kupiga kelele mpaka koo likauke. Mchana bibi yangu, aliyenilea, huniletea ndizi za kuchemsha na kambare mkavu, nami nala huku macho yangu yako juu. Harufu ya mpunga ule ukipigwa na jua naipenda hata leo.

Mwalimu wa zamani msimu huo alikuwa akifunga shule, anakwenda zake kwao. Kijana akatufuata mashambani. Alipanda ulingo mmoja mmoja na kutupa somo: tazameni ndege wanaanzia shamba lipi, kisha mniambie sababu.

Nilitazama mpaka nikaona. Walianzia shamba letu, kwa kuwa ndilo lililotangulia kuiva. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kupanda, na bibi ndiye aliyetangulia, kama mama yake kabla yake. Ilikuwa heshima ya nyumba yetu, na ndege waliila heshima hiyo kila mwaka.

Jioni, bibi akipepeta, nikamwuliza: "Bibi, kwa nini tusipande siku moja na majirani? Ndege si wangegawanyika?"

Ungo ukasimama. "Nani kakufundisha kunihoji?"

"Mwalimu."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, akaurudia ungo wake.

Asubuhi bibi alikwenda kumshtaki mwalimu kwa mzee wa kijiji, na wazee wakaitisha kikao. Kama wangemkataa mwalimu, ofisi ya elimu ingemwondoa. Hilo alilijua, na alitaka kubaki, kwani alikwisha kuomba kipande cha shamba akae nasi. Alisimama mbele yao kwa adabu.

"Bi mkubwa," alimwambia bibi, "mtoto hakukukosea heshima. Ameona kitu, akauliza."

"Kuona ameona, Mwalimu. Lakini hachapwi, haimbi hesabu kama zamani, na sasa ananihoji mimi niliyemlea. Wewe unamfundisha nini?"

Wazee walicheka, wakamkataa, na kikao kikaisha hapo. Kabla ya mavuno mwalimu alipakia sanduku lake kwenye lori na kuondoka. Nililia, nami sikuwa mtoto wa kulialia. Nilimpenda kuliko mtu yeyote asiye wa nyumba yetu.

Shamba lile leo ni pori la mathenge, ile miti ya miiba. Mto umehama, vichanja vimeoza, na watoto wa leo kombeo hawalijui. Wale wazee wote wamekwisha kwenda, na bibi naye. Sina kinyongo nao; walitaka tusome, na kusoma walikokujua ni kule kwa sauti kubwa.

Mwaka uliofuata kuondoka kwa mwalimu, maji yalipopwa, bibi hakutangulia. Alingoja, akapita kwa majirani, wakapanda siku moja. Ndege walikuja kama kawaida yao, lakini tulivuna vizuri kuliko nilivyowahi kuona.

"Mwaka huu ndege wametugawana," bibi alisema, bila kunitazama. "Na usiende kusema ni maneno ya yule mwalimu wako."

Sikusema kwa mtu. Niliyetaka kumwambia alikuwa mwalimu mwenyewe tu. Wakati huo tulikwisha kuletewa mwalimu mwingine, mwenye fimbo, na wazee walimfurahia. Asubuhi moja nilijikaza, nikanyoosha mkono, nikamwuliza alikopelekwa yule mwalimu kijana. Akanichapa kwa kuuliza.