Gari Nililouziwa na Kaka

Gari lile nililinunua kwa kaka yangu, na sikulipeleka kwa fundi kulikagua, kwa sababu niliona kumkagua ndugu ni kumtukana. Lilikuwa gari kubwa la familia, jeupe, lenye viti saba, na yeye ndiye aliyelitoa kwa wakala likiwa jipya. Mimi nilikuwa nimeachwa, nina watoto wawili na mama yangu mzazi nyumbani, mtaa wa Azaiba hapa Maskati, na kigari changu hakikuwa kikitutosha. Kaka akaniambia, "Chukua hii, mdogo wangu. Gari ya nyumbani hii, si ya mtu baki." Tukabadilisha mulkiya, kadi ya umiliki ikawa na jina langu, nami nikamwombea dua njia nzima.

Mwaka wa kwanza gari lilitulia. Wa pili likaanza vituko. Vioo vilijiteremsha vyenyewe tukiwa barabarani, kwenye joto la Julai. Honi ililia peke yake nje ya msikiti, watu wamo kwenye sala. Taa za dashibodi ziliwaka zote kwa pamoja, zikazimika, na fundi aliyebadilisha betri akasema gari zima kabisa. Halafu ikaja harufu ya kuungua, hafifu, hasa baada ya kuzima injini.

Harufu hiyo nilimsingizia mama. Kila Ijumaa, kabla hatujaenda kwa kaka, mtaa wa Darsait, kula chakula cha mchana, mama hulifukiza gari kwa udi. Huweka chetezo chini ya kiti cha mbele, akafunga milango, moshi ukajaa. Nilimwambia kwa ukali kwamba anatuunguzia zulia.

"Mie nnafukiza udi tangu hujazaliwa," alinijibu, "na sijaunguza hata uzi."

Lakini chetezo alikiweka kabatini, na Ijumaa zilizofuata alipanda gari kimya, ameninunia. Harufu haikuondoka. Sikumwomba radhi, na hilo linanisuta mpaka leo.

Nilipomweleza kaka, alifikiri kidogo, akasema, "Jicho hilo. Gari kubwa, mwanamke yuko peke yake, watu wanatazama. Isomewe."

Sikubisha. Jicho la husuda lipo, na mimi si katika wanaolikanusha. Wiki ileile alikuja mwenyewe na chupa ya maji yaliyosomewa Kurani, akanyunyiza viti, akanyunyiza usukani, akafungua hata boneti. Nilisimama pembeni nikiitikia amina. Nikiukumbuka ule uso wake wa ibada natamani ningemmiminia chupa nzima kichwani.

Aliyenifungua macho ni mwenye gereji mmoja, Mwomani aliyezaliwa Tabora. Alitazama gari, akatazama mulkiya, akarudisha mikono mfukoni.

"Dada, hii mimi siigusi. Gari za toleo hili kampuni imeziita zirudishwe. Kuna kifaa cha breki kina hitilafu ya umeme, na umeme unaendelea kupita hata ukizima gari. Zinaweza kushika moto zikiwa zimeegeshwa. Nenda kwa wakala, wanatengeneza bure."

Kwa wakala, karani aliingiza namba ya chesisi kwenye kompyuta yake, akakunja uso. Akasema wametuma ujumbe mara tatu, wamepiga na simu, na mwenye gari alijibu kwamba ameelewa na atalileta. Nikamwambia mwenye gari ni mimi. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione namba waliyokuwa wakiitumia, ile ya mnunuzi wa kwanza. Namba ya kaka naijua kwa moyo. Ujumbe wa kwanza ulitumwa miezi minne kabla ya ile chupa ya maji. Na maneno yake yalikuwa wazi: mpaka litakapotengenezwa, gari lisiegeshwe ndani wala karibu na nyumba.

Kwangu gari lilikuwa likilala chini ya dirisha la chumba cha watoto. Mama alilala humo humo nao.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikuwa nakifulia na kukipigia pasi.

Walilitengeneza siku ileile, kabla ya adhuhuri. Ijumaa tukaenda Darsait. Niliwaacha wamalize kula, wakanawa, watoto wakaenda kucheza uani, ndipo nikasema mbele ya mama yote niliyoonyeshwa. Kaka aliinamisha kichwa.

"Nlisahau. Wallahi nlisahau. Meseji zinakuja nyingi, mtu husomi zote."

"Na simu waliyokupigia?"

"Nlikuwa kazini. Nkasema ntakwambia, ikanipita."

Mama akanishika goti. "Nduguyo keshasema kasahau. Hakuna alodhurika, alhamdulillahi. Nnakuomba, mwanangu, yeshe hapa hapa."

Machozi yalikuwa yakimlengalenga kaka, na mimi nilitaka sana iwe kweli. Kusahau nakuelewa. Niliwahi kumsahau mwanangu shuleni mpaka mlinzi akanipigia simu. Mtu aliyesahau bado ni ndugu yako. Nikainuka, nikambusu kichwani, nikamwambia nimemsamehe, na kweli nilimsamehe.

Njiani kurudi, mama alikuwa amekaa mbele, amechangamka. Binti yangu wa miaka tisa akauliza kutoka nyuma.

"Mama, sasa watoto wa mjomba wanaruhusiwa kupanda gari yetu?"

"Kwani walikuwa hawaruhusiwi?"

"Mjomba kawakataza. Zamani. Kasema atakayepanda atampiga, na wasikwambie."

Nikaanza kuhesabu tangu ule ujumbe wa kwanza. Siku ya pwani, siku ya harusi, jioni zote za Ramadhani. Kila nilipowaambia watoto wake waje tuondoke pamoja, nafasi ipo, yeye alisema asinisumbue, atawaleta mwenyewe. Nami nilikuwa nikimsifu kwa watu kwamba kaka yangu ni mtu asiyependa kumchosha dada yake.

Mama alikuwa amesikia. Mpaka tunafika nyumbani hakuniomba tena nimsamehe mtu.