Maji ya Kulaza Vumbi

Mimi niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijaomba mtu kazi. Garaji yangu ya Mtito Andei niliianza na nyundo mbili na kipande cha reli cha kunyooshea mabati. Leo madereva wa malori wanapita garaji zingine zote kuja kwangu. Nikifumba macho nikapitisha kiganja kwenye mlango wa gari, nitakuambia uligongwa wapi, na kama aliyeunyoosha alikuwa fundi au alikuwa mpishi. Nayasema haya mapema ili msomaji asifikiri aibu ninayoiandika ilitokana na kutojua kazi. Kazi ile niliifanya vizuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Gari lilikuwa langu mwenyewe, saluni la zamani lililopita mikononi mwa watu wengi kabla yangu. Ukikwaruza kwa kisu ungeona rangi zake zote: nyeupe, damu ya mzee, kijani, nyeupe tena. Injini ilikuwa nzima, lakini kutu ilikuwa imekula vizingiti vya milango na kingo za juu ya magurudumu. Kulinyoosha na kulipaka rangi Mtito ingekuwa kazi ya siku mbili. Lakini Mtito nani angeshangaa? Pale watu wananiona kila siku. Nilitaka nyumbani wanione, kule Nuu, kwa watu wanaonikumbuka nikichunga mbuzi na kaptula iliyotoboka nyuma. Gari walikuwa wameliona. Mkono wangu hawakuwa wameuona ukifanya kazi.

Basi nikapakia kompresa ndogo ya petroli, mikebe ya rangi, misasa, na fila, ule uji mzito tunaozibia mabonde ya bodi. Nikapitia Kibwezi, Kitui mpaka Mwingi, nikaingia barabara ya vumbi. Jumatano jioni nilikuwa kwa mama.

Mama alikaa na mke wa ndugu yangu mdogo. Ndugu yangu ni askari wa lango Nairobi, na huja nyumbani mara chache. Nyumba nilimjengea mama mimi: mawe, vigae sebuleni, paa jekundu linaloonekana ukiwa bado mbali. Mifereji ya paa na tangi la maji sikuweka. Nilisema ningeweka mwaka uliofuata, na mwaka huo ulipofika nikaweka lango la chuma lenye simba wawili. Kwa hivyo maji yalitoka mtoni, na mto wetu karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Unachimba shimo kwenye mchanga, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kikombe. Shemeji yangu alikuwa akitoka na punda wawili kabla ya jua, anarudi saa sita.

Kwa wiki nzima kila siku alikuwa amebakisha mtungi mmoja au miwili ya plastiki, akaipanga jikoni na kuifunika kwa gunia. Nilikuta tisa. Sababu aliniambia mama mwenyewe tukila. Jumamosi akina mama wa kanisa wangekuja kwake. Hawa huzunguka nyumba kwa nyumba, kila mwezi kwa mmoja wao. Wanakula, wanaomba, wanamwachia zawadi ya vyombo. Mama alikuwa amerukwa mara mbili, kwa sababu huwezi kukaribisha watu thelathini bila maji ya kunawa, ya chai na ya kupikia muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa.

"Safari hii hawaniruki," akasema.

Nilimsikia. Siwezi kusema sikumsikia.

Alhamisi nilikata kutu, nikachomea vipande vya bati, nikajaza fila. Watu walianza kuja, kwanza majirani, halafu wanaume wa sokoni. Kupiga msasa wa mwisho kunataka maji, nikamwendea mama.

"Mwaitu, nichukue maji kidogo ya kazi?"

"Chukua, mwanangu. Ya Jumamosi uniachie."

Nilichukua nusu mtungi. Hapo bado nilikuwa mtu mzuri.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya rangi. Fundi wa mjini ana chumba cha kupakia rangi, kimefungwa pande zote. Sisi wa jua kali tuna uwanja tu. Ukipuliza rangi juu ya ardhi kavu, upepo wa kompresa unainua vumbi, vumbi linakaa juu ya rangi mbichi, na gari linatoka na ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Dawa ni moja tu. Unamwagia ardhi maji kuzunguka gari lote, vumbi linalala, ndipo unapuliza. Mtito nina bomba, sijawahi kufikiria yale maji yanaenda wapi.

Wanaume kama kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye mawe chini ya ukuta. Mmoja tulisoma naye, sasa ana duka sokoni.

"Hii gari unaioa mara ya ngapi?" akaniuliza, na wenzake wakacheka.

"Bibi wa kwanza haachwi," nikamjibu. "Anashonewa nguo mpya."

Nikamwaga mtungi wa kwanza. Ardhi ya kwetu ilikuwa haijaona mvua misimu miwili. Ilikunywa upande wa kushoto kabla sijafika wa kulia. Nikaleta wa pili, na wa tatu.

"Na ardhi sasa unaiogesha ya nini?" mwenye duka akauliza.

"Ardhi ikioga, gari linang'aa!"

Walicheka tena, na mimi nikapuliza rangi ya kwanza, buluu ya bahari, mkono ukienda na kurudi kama mtu anayepiga pasi shati la bwana harusi. Wakanyamaza kabisa. Jamani, ule ukimya! Sijawahi kupewa shahada, lakini najua sasa mtu mwenye shahada anajisikiaje. Jua likapanda, ardhi ikakauka, na rangi inapakwa mara tatu. Kila nilipoingia jikoni nilijiambia mtungi mmoja tu. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akichagua mahindi ya kesho yake. Alisikia vicheko, na baadaye aliniambia alifurahi kwamba nyumba yake ina watu.

Nilipomaliza, jikoni palikuwa na mtungi mmoja.

Shemeji siku hiyo alikuwa hakwenda mtoni. Maji yalikuwa yametosha, akawaacha punda wapumzike, yeye akaenda sokoni kununua majani ya chai na sukari. Aliporudi alikanyaga matope mbele ya gari. Akainua mguu, akautazama. Kisha akaenda moja kwa moja jikoni, na alipotoka alisimama karibu nami, bado ameshika sukari.

"Shemeji, maji yako wapi?"

"Yamefanya kazi," nikasema, kwa sababu wanaume walikuwa bado wanasikiliza.

"Kazi gani?"

Nikaonyesha gari kwa kidevu. Mwenye duka akakohoa. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakipangusa suruali, na hakuna aliyeniaga.

"Sawa," shemeji akasema. "Kule sokoni kisima cha injini, cha maji ya kununua, kiko wazi mpaka jioni, punda hawatawahi. Una gari. Weka mitungi nyuma, uende."

Na hapa ndipo ninapotaka kuandika neno kwa neno, kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi na kila mara nimejaribu kulifanya dogo.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Rangi bado mbichi."

"Nini?"

"Rangi, shemeji. Nikiingiza gari kwa ile barabara saa hii, vumbi yote itashika. Kazi yote imeharibika. Labda kesho mchana."

"Kesho asubuhi wamama wako hapa."

"Najua."

Alinitazama kama unavyotazama mtu aliyezungumza lugha ya mbali. Halafu akaweka sukari ndani, akaenda kufungua punda.

Mtu ataniuliza, kwa nini sikuita bodaboda? Wale wa ukutani walicheka pamoja nami nikimwaga, hawangekuwa na haraka ya kusimulia; bodaboda wangefika na kuuliza maji ya wiki nzima yalikwenda wapi, na Nuu nzima ingejua kabla ya jua kuzama. Ndiyo jibu lenyewe, sina lingine. Na kama unafikiri nilimfuata shemeji mtoni, sikumfuata. Nilibaki nikifukuza kuku wasiruke juu ya boneti.

Mama alikuja akishikilia ukuta, maana magoti yalikuwa yakimsumbua. Akatazama matope, akatazama gari, akaingia jikoni, akakaa humo kidogo. Alipotoka alisema, "Limekuwa zuri."

"Mama, nitanunua soda. Kreti tatu, nne. Hawatakosa cha kunywa."

"Wageni wa maombi hawanawi soda," akasema, akarudi kwenye mahindi yake. Ila hakuyachagua tena. Aliyamwaga kwenye gunia akalifunga.

Shemeji alirudi jioni na mitungi miwili. Mashimo ya mtoni yalikuwa yameshachotwa na watu wa asubuhi, na yalijaza polepole. Muthokoi haukupikwa. Jumamosi ilikuwa chai na mkate, na soda zangu, ambazo zililetwa mpaka mlangoni na kukaa pembeni bila wengi kuzigusa.

Walipofika walilizunguka gari kwanza. Wakalisifu, mmoja akajitazama kwenye mlango akarekebisha kitambaa. Siku nyingine ningewaeleza kila hatua ya kazi. Kisha wakaingia, na shemeji akapita kunawisha, akimwaga maji membamba kama uzi. Mimi niliwekewa kiti mbele, karibu na mama, kwa kuwa ni mtoto wa nyumba na ndiye niliyeijenga.

Mwenyekiti wao ni mwanamke mnyoofu, hana siasa. Aliuliza bila ubaya wowote, "Mama, lakini si tuliambiwa huyu binti amekuwa mtoni wiki nzima kwa ajili yetu? Tulikuwa tumejiandaa kunawa mpaka viwiko!"

Walicheka. Shemeji aliinamisha macho kwenye birika. Hata leo hajawahi kusema. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Palikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema, naikumbuka ilivyokuwa ndefu.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilitaka kuisogeza mitungi nipate nafasi ya meko. Ikaniangukia, na vifuniko vilikuwa havijakazwa. Hii mikono siku hizi."

Akaiinua waione.

Nikanywa chai.

Wakasikitika, wakasema pole, mama, ni miaka. Wakati wa maombi wakamzunguka, wakaishika mikono ile, wakamwomba Mungu airudishie nguvu. Ilikuwa mikono mizima kuliko ya wengi wao. Mimi nilifumba macho pamoja nao na kusema amina, tena kwa sauti, kwa sababu nina sauti nzuri na huwa nasikika.

Nilidhani imeishia hapo. Nikarudi Mtito na gari langu la buluu, na madereva waliniuliza nani ameifanya kazi ile, nikawajibu.

Baada ya mwezi hivi nilikwenda nyumbani tena, nikamkuta mama amekaa na sanduku la mbao mapajani. Ndani yake ni vile vikombe vidogo vya kioo vya meza ya Bwana. Mama ndiye aliyevitunza tangu kanisa letu likiwa bado kibanda cha matawi. Kila baada ya ibada alivibeba nyumbani, akavichemshia maji, akavipanga kimoja kimoja kwenye kitambaa. Hata mwaka wa kiangazi kikali vikombe vile havikukosa maji. Akina mama walikuwa wamekaa na kuamua, kwa upendo, kwamba apumzishwe. Mikono inayoangusha mitungi itavunja vioo.

"Nitawaambia," nikasema. "Leo hii. Nitasimama mbele yao niseme ni mimi."

"Utasema nini? Kwamba mama yako alidanganya siku ya maombi, mikono yake ikiwa imeshikwa?"

Nikaketi.

"Wewe ulimwaga maji," akasema. "Mimi nikasema uongo. Wa kwangu ni mkubwa, na mimi ndiye nitakayekaa na wale watu. Niache na mikono mibovu. Hiyo naiweza."

Hakuwa na hasira. Nilitamani angekuwa nayo. Nilimtii mpaka alipofariki, na ndiyo maana naandika leo na si zamani, na siandiki jina la mtu.

Kisha akanikabidhi sanduku. "Una gari," akasema. "Mpelekee mwenyekiti. Uende polepole, ni vioo."

Nikaliweka kwenye kiti cha mbele na kulifunga mkanda kama mtu. Barabara ni ya mawe, nilikwenda mwendo wa miguu njia nzima. Mwenyekiti alinipokea uwanjani, akaketi kwenye kigoda, akavihesabu vikombe, kila kimoja akikiinua juani na kukitazama.

"Vyote vizima," akasema. "Hata ufa hakuna. Mama yako alikuwa mwangalifu, kabla mikono haijachoka."

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa mwangalifu."

Akafunga sanduku. Akanisindikiza mpaka kwenye gari, akapitisha kidole kwenye mlango, akaniuliza kama siku moja ningeweza kumpakia rangi kama ile kwenye lango lake. Nikamwambia naweza.