Jeneza Mlangoni kwa Silima

Silima Kificho alizaliwa Makunduchi, akaishi Kiponda miaka hamsini na tatu. Alikuwa tarishi wa idara moja ya serikali mpaka alipostaafu, akiwa bado tarishi. Mkewe, Bi Mwanapili, alimzalia watoto sita, na wote walisoma. Hakuwa na adui hata mmoja. Hilo lilimpunguzia umaarufu, maana mtaani mtu hutajwa zaidi na wale anaogombana nao.

Kilichojaza maisha yake ni maziko. Akisikia fulani kafariki Mkokotoni, huvaa kanzu na kofia akaenda. Binti yake Nadra alimwozesha kwa mbio, akaondoka kabla halua haijapita, ili awahi kumzika mtu wa Mbweni ambaye alimjua kwa baiskeli yake nyekundu tu. Nadra anasema ameshamsamehe. Hulisema kila mwaka.

Sababu yake hakuificha. "Anayezika watu, watu humzika," alikuwa akimwambia mkewe. "Mie sitaki makubwa. Nnataka jeneza langu lisitulie begani kwa mtu."

Kwetu, jeneza la mtu aliyependwa halibebwi, hupita. Kila mmoja hulishika hatua chache, akamwachia wa mbele yake, mpaka likafika makaburini bila ya bega lolote kuchoka. La mtu asiyependwa huchosha mabega manne, yale yale, njia nzima. Watu huangalia, ingawa kila mtu hukana kwamba anaangalia.

Jeneza la msikiti ni yeye aliyekuwa akilitengeneza, kila mwaka kabla ya Ramadhani, bila kuombwa wala kushukuriwa. Mwaka huu Shaaban ilimkuta anaumwa na moyo, hatoki nje. Ijumaa asubuhi akawaomba vijana wa msikitini wamletee nyumbani, kwani mguu mmoja wa jeneza ulikuwa umelegea. Wakalileta, wakaliegemeza mlangoni, wakaenda zao.

Jirani wa mkabala, Hamad, ambaye ndiye msimamizi wa grupu la WhatsApp la mtaa, alifungua dirisha akaliona. Alijua kuwa mle ndani mna mgonjwa. Mtu mwenye akili angevuka kichochoro akauliza. Hamad alikuwa na bando. Akaandika kwamba Mzee Silima ametangulia mbele ya haki na atazikwa baada ya sala ya Ijumaa, kisha akaenda kuoga.

Kufika saa tano, kichochoro hakipitiki. Makunduchi walikodi mabasi mawili. Watu walivuka kutoka Tumbatu. Wanawake waliingia kwa mlango wa uani wakilia, na Bi Mwanapili, aliyekuwa anachambua mchele, akalia nao kabla ya kuuliza aliyekufa ni nani. Sufuria zikatiwa motoni. Hamad, akiwa mbele ya wanaume, akaingia ukumbini.

Silima alikuwa amekaa mkekani, jeneza kalivuta ndani na kulipindua mbele yake, bisibisi mkononi.

"Mzee Silima?"

"Naam."

Hamad akageuka kuwatazama walio nyuma yake. "Upo?"

"Nipo, yakhe. Nafunga skrubu. Kafa nani?"

Aliyejibu ni binamu yake, Simai wa Makunduchi, mtu asiyependa kuzunguka. "Umekufa wewe. Tumekodi mabasi mawili."

Silima akajikongoja hadi dirishani. Akaona kofia nyeupe kutoka mlangoni mpaka kona, na baada ya kona. Akashika nondo za dirisha, akalia. "Wallahi mmekuja," akasema. "Nyote mmekuja."

Kwa kuwa wali ulishaiva, uliliwa. Wakati wa kuagana, Simai alimshika mkono marehemu wake. "Ndugu yangu, mie sina nguvu ya kuja mara mbili. Nshakuzika." Watu wakaangua kicheko. Silima akacheka kuliko wote, kwa vile aliamini ni mzaha.

Siku kumi na moja baadaye, Jumanne, saa mbili asubuhi, alikufa akinywa uji. Bi Mwanapili alivuka kichochoro mwenyewe.

"Umehakikisha, Bi Mwanapili?" Hamad akauliza.

"Nimehakikisha nini?"

"Kwamba ndiyo yenyewe."

Hamad sasa alikuwa mtu makini. Aliandika: "Inasemekana Mzee Silima amefariki. Tusubiri uthibitisho." Majibu hayakusubiri. Mmoja aliuliza safari hii anafunga nini. Mwingine alishauri wamwache amalize skrubu kwanza. Zikafuata nyuso za kucheka, safu kwa safu. Uthibitisho ulipopatikana, saa saba, nyuso zile hazikufutwa. Maziko yakapangwa alasiri.

Simai alipigiwa simu. Akasema Mungu amrehemu, na kwamba yeye alikwishakuja. Mtoto mkubwa na wa kiume pekee, Abdulhakim, anayefanya kazi hoteli moja, akaomba ruhusa. "Ijumaa ile uliniaga unakwenda kumzika baba," bosi wake akamwambia. "Una baba wangapi?" Alifika udongo ulishasawazishwa.

Waliotoka na jeneza walikuwa saba: imamu, Hamad, mume wa Nadra, muuza kahawa, kijana wa msikitini, na watembeza wageni wawili waliokuwa wamekuja kusali alasiri yao tu na wakaona aibu kutoka. Imamu ana mgongo, hakubeba. Mmoja wa wale wawili alipigiwa simu, akabaki nyuma. Barabarani wakaomba gari la muuza mkaa, naye akakubali kwa sharti wasilichafue.

Jioni, Hamad alikwenda kutoa pole. Bi Mwanapili, akiwa edani, alizungumza naye kutoka nyuma ya pazia.

"Walikuja watu?"

"Walijaa, Bi Mwanapili. Jeneza halikutulia."



"Nilikuwa dirishani, mwanangu. Mmeliweka chini mara mbili kabla ya kufika kona."

Hamad akakohoa. Akasema hapo walikuwa wanawapisha watalii.

"Eh, niliwaona," Bi Mwanapili akasema. "Wao walisimama. Wakavua na kofia."