Weupe wa Mursik

Katika ofisi yetu ya matangazo hapa Eldoret, juu ya duka la misumari na mabati, kila wazo lilivaa kaptula na kukimbia. Tukitangaza mbegu za mahindi, mwanariadha anakata utepe. Tukitangaza saruji, mwanariadha anakata utepe, na nyuma yake kuna ukuta. Siku tuliyoletewa kazi ya majeneza nilimwona bosi anachukua penseli, nikamwomba Mungu amzuie. Hakuzuiwa.

Bosi alikuwa amejipa cheo cha Mkurugenzi wa Ubunifu. Kabla ya hapo alichapisha kadi za harusi, kazi ya heshima ambayo hakupaswa kuiacha. Mimi nilikuwa mwandishi wa maneno ya matangazo. Kazi yangu ilikuwa kuleta wazo, kisha kukaa nimsikilize akisema, "Hii ni idea tu. Bado haijakuwa concept." Tofauti, nilivyokuja kuielewa, ni kwamba wazo ni lako na konsepti ni yake.

Basi akaja mama mmoja kutoka Moiben. Alitengeneza mursik, yale maziwa yanayolala siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti, mpaka yanatoka na rangi ya kijivu na vidoa vyeusi. Supamaketi moja ya mjini ilikuwa imempa nusu rafu kwa majaribio hadi shule zifungwe. Chupa zisipotoka, na yeye atoke. Ili kuijaza nusu rafu hiyo alikuwa amewaaga wateja wake wote wa sokoni, kwa sababu maziwa yasingetosha pande zote mbili. Alitueleza hayo kwa utulivu, kibuyu mapajani, kisha akatumiminia kila mtu kikombe. Bosi alikinusa chake akakiweka kando ya kompyuta, na hapo kikakaa mpaka tukafunga ofisi.

Wazo langu lilikuwa picha ya mikono ya yule mama, imejaa weusi wa makaa, imeshika kibuyu, na chini yake neno moja: Tumesugua. Sioni haya kusema ilikuwa kazi nzuri. Yeyote aliyelelewa huku anajua kwamba mursik isiyo na makaa imetoka katika nyumba ya mtu mvivu. Makaa ndiyo ushahidi kwamba mtu ameinama akafanya kazi.

"Mikono michafu haiuzi chakula," bosi akasema.

Nikampa hata mwanariadha, Mungu anisamehe. Anarudi na medali, anapokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik, jambo ambalo watu wetu hulifanya kweli. Mara moja tu katika historia ya ofisi ile mkimbiaji alikuwa na kazi ya kufanya ndani ya tangazo. Bosi akasema watu wamechoka na wakimbiaji. "Tufikirie soko ya Nairobi. Mtu wa Nairobi anataka white. White ni usafi."

Konsepti ikazaliwa. Glasi ya maziwa meupe pe, na maneno "Weupe Unaoaminika", ambayo yangeuza sabuni vizuri sana. Mchoraji wetu alivifuta vidoa vyeusi kimoja kimoja kwenye kompyuta, kama mtu anayemtoa mtoto chawa. Chupa nayo ikawa ya plastiki nyeupe isiyoonyesha kilichomo.

Siku ya kumwonyesha mama, bosi aliongea muda wa kutosha kukamua ng'ombe wawili. Mama aliitazama picha mpaka bosi akamaliza.

"Hii ni maziwa ya nani?"

"Ni yako, Mama. Hii inaitwa strategy."

Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kikalenjin, polepole: binti yangu, wewe uliyekunywa haya tangu utotoni, unaonaje? Tangu siku ya kwanza alikuwa akiniita binti yake. Bosi, ambaye hakuelewa neno hata moja, alikuwa ananikazia macho. Wiki hiyohiyo alikuwa amenidokezea habari ya kupandishwa cheo. Nami nikajibu kwa Kiswahili, ili asikie vizuri niko upande gani.

"Iko sawa, Mama. Itauza."

Bosi namdharau mpaka leo, lakini angalau yeye hakujua. Mimi nilijua, na mama akatia sahihi kwa neno langu, si kwa lake.

Nilikwenda supamaketi mwenyewe kutazama. Akina mama wa huku waliichukua chupa, wakaiangalia picha, wakairudisha. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba haya hata hayajawekwa makaa. Wasioijua mursik waliinunua kwa ajili ya ule weupe, wakaimimina nyumbani, wakaona kijivu na vidoa, wakairudisha wakidai imeoza. Picha moja ilikuwa imewafukuza wanaojua na kuwadanganya wasiojua, jambo ambalo hata ukilipanga si rahisi ulifanikishe. Bosi aliliita tatizo la soko. Lile bango akalitundika sebuleni kwa wageni, mfano wa kazi zetu bora.

Kabla shule hazijafungwa, rafu ikapewa mtu wa juisi.

Mama alirudi kuchukua kibuyu chake alichotuachia siku ya kwanza. Alikuwa ameshapita sokoni asubuhi ile, akakuta wateja wake wanamiminiwa na mwanamke mwingine kutoka Soy. Bosi alisikia sauti yake kwenye ngazi akafunga mlango wake. Kwa hiyo kibuyu nikakipeleka mimi, kwa mikono miwili. Nikamsalimu kwa lugha yetu, kwa heshima yote niliyofundishwa nyumbani. Nikamwambia nilijua tangu siku ile, na kwamba najuta.

Alikichungulia kibuyu ndani, akakifunga kwenye leso. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, kile anachozungumza na bosi na askari wa benki.

"Asante, madam. Wacha niende, nisichelewe gari."

Akashuka ngazi. Alikuwa na adabu mpaka mwisho.