Dereva Aliyeogopa Kuzima Injini

Wenzake walimwita Bwana Moto, na jina hilo hakulipata bure. Miaka ishirini na tisa aliyoendesha treni ya mizigo, hakuna aliyewahi kukuta injini yake imepoa. Betri zake zilikuwa kuukuu, naye alikuwa na msemo wake: kuzima ni uamuzi, kuwasha ni majaliwa. Aliwahi kumwona mwenzake akizima dakika kumi tu, injini ikagoma, kikaletwa kichwa kingine cha treni kuja kumkokota mbele ya stesheni nzima. Yule bwana alitaniwa mpaka akaomba uhamisho. Bwana Moto akaapa yasimkute.

Basi ilipobandikwa amri kwamba treni ikisimama karibu na nyumba za watu zaidi ya robo saa izimwe, aliisoma, akatia sahihi kwamba ameisoma, akaendelea kunguruma. Hakudanganya, kweli aliisoma.

Binti yake alipanga nyumba kando ya njia ya kupishania, pale treni za mizigo zinaposubiri ile ya abiria ipite. Baba alimtembelea Jumapili tu, siku ambayo mizigo haisafirishwi, akakuta mtaa umetulia, akausifu. Siku nyingine alimpungia mkono kutoka dirishani mwa treni. Jumanne moja treni ya abiria ikachelewa saa nzima. Akamwachia msaidizi wake treni, akavuka kwenda kunywa chai kwa binti yake.

Alikuta maboksi. Vyombo vimefungwa kwa magazeti, kabati tupu.

"Mnahama?"

"Unasemaje, Baba?"

"NASEMA, MNAHAMA?"

"Mwisho wa mwezi! Tunakwenda kwa wakwe zangu!"

Kwa wakwe ni safari ya siku mbili. Habari kama hiyo haipokelewi kwa kusimama na mtu mwenye mjukuu mmoja tu, akakaa. Vikombe vilikuwa vikicheza vyenyewe mezani, moshi unapenya pazia, na mjukuu wake wa miaka mitatu anakohoa.

"Lakini huyu dereva ni mtu wa namna gani?" Bwana Moto alifoka. "Hana watoto? Nipe kalamu, nimwandikie mkuu wa stesheni!"

Mkwewe, mume wa binti, aliyekuwa akifunga boksi, akatazama dari. Binti akamletea baba yake kalamu.

"Andika, Baba. Jina lake unalijua."

Akachungulia dirishani. Treni iliyosimama pale ilikuwa moja tu. Miaka yote hiyo alikuwa ameketi juu ya ngurumo ile. Hakuwahi kuketi mbele yake. Akatoa simu, akampigia msaidizi.

"Zima injini."

"Nizime nini?"

"Injini!"

"Mzee, uko salama huko? Kuna mtu amekushika?"

"Zima, bwana wee!"

Ikazimwa. Vikombe vikatulia.

"BABU, UMEKULA?" mjukuu alimpigia kelele, uso kwa uso.

Jumapili alipopigiwa kelele hivyo, alidhani ni furaha ya kumwona. "Mbona ananifokea?"

"Hakufokei," binti alisema. "Ndivyo anavyojua kuzungumza."

Bwana Moto akaona aibu, na hakukuwa na ngurumo ya kuificha.

Aliporudi kwenye treni, lile aliloliogopa likamkuta. Injini ikagoma, kichwa kingine kikaja kumkokota, na kabla jua halijatua alikuwa ameshaitwa Bwana Baridi. Kesho yake akazima tena. Wiki ya pili wakampa betri mpya, maana walichoka kumkokota. Mtaani kukatulia hata siku za kazi, na binti akaanza kufungua maboksi moja moja, kama mtu asiyeamini bado.

Baada ya miezi michache, Bwana Moto akiwa na kikombe chake mkononi, mjukuu akamwegemea gotini, akasema kitu kwa sauti ya chini, kama watoto wengine.

"ETI?" babu akauliza.

Mtoto akarudia, taratibu vilevile.

"ANASEMAJE HUYU?"

Binti akasogea mpaka kwenye sikio lake. "Anasema, Babu usipige kelele."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akamwinamia mtoto, akiutazama ule mdomo mdogo ukiendelea kumweleza mambo ambayo masikio yake hayakuweza tena kuyapata.