Saa Sita za Ziada Kisimani

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, niliandika programu ya kompyuta ya kuonyesha muda ambao akina mama walitumia kuteka maji. Nilipima mwenyewe kwa saa ya mkononi, kwanza Dutumi upande wa Kibaha, kisha katika kijiji kimoja jirani na Maneromango. Huko mwenyekiti aliniita nisome matokeo mkutanoni.

Nikasoma, kama karatasi ya mashine ilivyosema, kwamba mama mmoja, aliyeketi mbele yangu, alikwenda kisimani na kurudi kwa saa sita na dakika arobaini. Nakiri kuwa tarakimu hiyo ilikuwa imenishtua tangu chuoni. Lakini badala ya kuitilia shaka, niliifafanua kwa kurasa tatu kuhusu kisima kama baraza la wanawake.

Mumewe alisimama.

"Mama watoto, kisima kipo hapo bondeni. Saa zote hizo ulikuwa wapi?"

"Alikuwa anakichimba!" mtu akadakia kutoka nyuma.

"Muulize mtaalamu," mama alijibu. "Nilikwenda naye."

"Kumbe mlikuwa wawili!" akadakia tena yule wa nyuma.

Mkutano ulicheka, mume hakucheka. Hapo ndipo nilipolitambua kosa. Kompyuta huhesabu saa tangu usiku wa manane, sisi tangu alfajiri. Kwa hiyo niliiagiza isogeze kila tarakimu kwa saa sita. Saa ya kuondoka ilitoka sawa, saa ya kurudi pia. Lakini muda uliotumika si saa ya ukutani, hauna alfajiri wala usiku, nami niliusogeza vilevile. Dutumi nako niliwaongezea, ila wao hawakuniita kusoma.

Nilieleza haya yote kwa utaratibu. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyozidi kuonekana mwenye hatia.

"Ndugu mtafiti, inatosha," mwenyekiti alisema. Akachukua saa yangu, akamkabidhi mume ndoo tupu. "Nenda, urudi."

Alirudi shati limelowa, ndoo nusu.

"Dakika arobaini na tatu," mwenyekiti akatangaza.

Mume aliketi kando ya mkewe, akitazama vidole vyake vya miguu. Mama ndiye aliyesimama sasa.

"Mwanangu, soma tena. Kwa sauti ileile ya mwanzo."

"Dakika arobaini," nikasoma.

"Wale wa nyuma hawajasikia."

Nilisoma mara nne.