Mashine Aliyoichagua Olinto

Kwa hesabu yake mwenyewe, Ermelinda Gaido alidanganya mara mbili tu katika ndoa ya miaka arobaini na sita, na zote mbili zilikuwa Julai ile, katikati ya majira ya baridi ya kwao. Mara ya kwanza aliwaambia majirani kwamba ni yeye aliyeiacha mashine ya kujazia soseji nje, imejaa maji ya kuoshea, usiku wa baridi kali. Asubuhi maji yalikuwa barafu, na silinda ya chuma, ile ambayo babu wa mumewe Olinto alikuja nayo kwa meli kutoka Italia, ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini. Majirani walimsema bila kumumunya maneno.

Aliyeiacha alikuwa mumewe. Hapo ndipo palipouma, maana Olinto hakuruhusu mtu mwingine aguse usafi wa mashine ile. Kila majira ya baridi ilizunguka shamba kwa shamba, Jumamosi hii kwa huyu aliyechinja nguruwe, Jumamosi ijayo kwa yule, na ilirudi na soseji mbili za kwanza zimening'inizwa kwenye mkono wake wa kuzungushia. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani. Hata ikirudi inang'aa, Olinto aliiosha upya kwa maji ya moto, akaikausha juu ya jiko la kuni, akayapaka meno ya gia zake mafuta ya nguruwe, moja moja.

"Kumwachia mwingine aioshe," alipenda kusema, "ni sawa na kumwachia mwingine aniogeshe."

Tangu Machi mambo yalikuwa yameanza kwenda kombo. Miwani ya Olinto ilikutwa ndani ya debe la unga. Jioni moja aliuliza mara tatu kama mbwa amekula, na mbwa mwenyewe alikuwa na miaka miwili kaburini. Binti yao, Silvina, alikuwa akipiga simu kutoka Rosario kila siku.

"Mama, mlete baba huku. Kuna nyumba ya kutunzia wazee karibu na kwangu, safi kabisa."

"Baba yako hana ugonjwa. Ni uzee."

"Mama, mbwa alikufa."

"Sasa nisikilize," Ermelinda alisema. "Jumamosi tunaenda mjini kununua mashine nyingine. Atachagua mwenyewe, mimi sitatia neno. Akichagua vizuri, hiyo nyumba yako usinitajie tena. Akivurunda, namleta mimi mwenyewe."

Jumamosi Olinto alivaa kofia yake ya kutokea. Druetta mwenye duka, aliyewauzia waya na mbegu miaka nenda rudi, alipanga mashine tatu mezani. Ermelinda alisimama kando, ameuma midomo.

Ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi nyekundu ya kuvutia. Olinto akafungua kifuniko kwa ukucha, akachungulia meno ya ndani.

"Plastiki."

"Lakini plastiki ngumu, mzee Olinto."

"Hata meno yangu ya bandia ni magumu, Druetta, ila sitafuni nayo mifupa."

Ya pili aliisukuma pembeni bila kuizungusha, kwa kuwa silinda yake haikuchomoka. "Nyama ikibaki humu utaitoa na nini, na sala?" Ya tatu alikaa nayo. Ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, meno yake chuma, na mkono wake ulikuwa na mwendo wa aina mbili, wa taratibu wa kujaza na wa haraka wa kurudisha. Aliubonyeza kwa kidole gumba mpira wa sahani inayosukuma nyama, akaunusa. Aliuliza kama mipira ya akiba ipo, akataka mitatu. Aliifunga mezani kwa skrubu zake, akainamisha sikio, akazungusha polepole kusikiliza meno yanavyoshikana.

Ermelinda alijiona amerudi kuwa msichana. Moyoni alikuwa ameshaanza kupanga maneno ya kumkomoa Silvina, na alikuwa akiyafurahia.

"Hii itatuzika sote, mzee," alisema Druetta.

"Ndivyo ninavyotaka."

Kisha Olinto akamgeukia mkewe, akavua kofia, kama alivyozoea kuwavulia wanawake asiowajua.

"Samahani, bibi. Tafadhali, hebu jaribu kuizungusha. Mke wangu ana kifundo kibovu cha mkono tangu alipovunjika. Nataka nione kama mwanamke ataiweza peke yake."

Miaka arobaini na sita alikuwa akimwita kizee changu. Druetta aliinama chini ya meza kutafuta kitu, akakaa huko huko. Ermelinda aliweka mkono wake, ule wenye kifundo kibovu, akazungusha. Mashine ilikwenda bila shida.

"Ni nyepesi," alisema. "Mbona peke yake? Wewe utakuwa wapi?"

Olinto akasogea karibu, akazungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia abiria mwenzake yale asiyoyasema nyumbani.

"Ninasahau sana, bibi. Mashine ya babu niliiua mimi. Mke wangu akawaambia watu kwamba ni yeye, na anadhani sijui. Binti yetu anataka nikakae Rosario. Nadhani ana haki. Lakini kizee changu asiachwe na kitu cha kuvunjikavunjika." Akaigonga mashine kwa vidole. "Usije ukamwambia, tafadhali."

"Simjui mkeo, bwana," alisema Ermelinda. Huo ndio ulikuwa uongo wa pili.

Njiani kurudi aliendesha Ermelinda, kilomita kumi na nane za vumbi. Olinto alipakata boksi magotini na mara kwa mara alimwomba aongeze mwendo, maana mkewe angekuwa ameshachemsha maji ya mate, ile chai yao ya majani. Ermelinda aliongeza mwendo. Alikuwa analia waziwazi, na Olinto, kwa adabu, akatazama nje ya dirisha.

Silvina alipiga simu kabla hawajala.

"Eeh, mama, amechaguaje?"

"Amechagua vizuri," alisema Ermelinda. "Hakuna ambaye angechagua vizuri zaidi." Kisha akavuta karatasi na kalamu, akamwomba anwani ya ile nyumba ya wazee.